Naomba ushauri: simu ya kumnunulia mama anayefanya biashara kati ya Tanga na Mombasa

Mwana wa Makorora (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limekuwa likinikosesha usingizi kila mama yangu anaposafiri.

Mama ana umri wa miaka 63, na kwa miaka mingi amekuwa akinunua machungwa Muheza na kuyapeleka katika soko la Kongowea, Mombasa. Huvuka mpaka wa Horohoro mara mbili kwa mwezi, hukaa huko siku nne au tano hadi mzigo uishe, kisha hurudi. Simu yake ni kitochi cha zamani chenye laini moja ya hapa Tanzania. Akishavuka huizima kwa kuogopa salio kuliwa, nasi tuliobaki nyumbani hukaa siku zote hizo bila kujua kama alifika salama. Hofu yake ina sababu. Safari iliyopita alipiga simu ya dakika chache akiwa bado Horohoro, upande wetu, hata pasipoti haijagongwa muhuri, na shilingi 5,000 alizokuwa nazo zikaisha zote. Tulipouliza tuliambiwa kwamba simu ilikuwa imeshika mnara wa upande wa Kenya.

Jambo la pili linaniumiza zaidi. Wanunuzi wa Kongowea hupenda kulipa kwa M-Pesa ya Kenya, na kwa kuwa mama hana laini ya huko, fedha hutumwa kwa namba ya kijana mmoja mpakuzi, ambaye huzitoa kwa wakala na kumkabidhi. Kijana huyo hajawahi kutukosea, lakini sipendi jasho la mama lipite kwenye mkono wa mtu mwingine kila wiki mbili.

Nimeweka akiba ya shilingi 250,000. Je, nimnunulie simu janja ya laini mbili, au simu mbili tofauti, au nimwache na laini yake moja na kumfungulia huduma ya roming, yaani kutumia laini ya hapa akiwa nchi nyingine? Na je, ninunue hapa Tanga au Mombasa?

Fundi wa Ngamiani

Mleta mada, pole kwa mahangaiko. Ninatengeneza simu hapa Ngamiani, na wateja wengi wanaovuka mpaka huniuliza swali lako hilohilo.

Upande wa masafa usiwe na wasiwasi. Tanzania na Kenya zote hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800 kwa mawasiliano ya kawaida ya sauti, na 2100 kwa kizazi cha tatu (3G), hivyo simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko letu itafanya kazi Mombasa bila shida. Wanaopata taabu ni wale walioletewa simu za zamani kutoka Marekani, ambako masafa ya 850 na 1900 ndiyo yaliyozoeleka.

Kuhusu laini mbili, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika simu nyingi za bei nafuu laini zote mbili husubiri pamoja, lakini hutumia redio moja, yaani kifaa kimoja cha ndani cha kushika mtandao. Mama akiwa anaongea na wewe kwa laini ya Tanzania, mnunuzi anayempigia kwa laini ya Kenya ataambiwa kwamba hapatikani. Kwa mazungumzo mafupi hilo si tatizo kubwa, ila ni vizuri mlijue mapema msije mkadhani simu ni mbovu. Tazama pia sehemu ya kuwekea laini, kwa sababu simu nyingine hulazimisha laini ya pili na kadi ya kumbukumbu zigombee nafasi moja.

Simu iliyotumika inayouzwa kwa bei ya kuvutia, iwe hapa au Mombasa, ikaguliwe kwa makini. Zipo zilizofungwa zikubali laini za mtandao mmoja tu, na zipo za mkopo ambazo mmiliki wa kwanza hajamaliza kulipa. Hizi za mkopo hufanya kazi vizuri siku unapoijaribu dukani, kisha hujifunga zenyewe malipo yanapochelewa, na fundi hana la kufanya. Kabla ya kutoa fedha weka laini zako mbili za mitandao tofauti na upige simu kwa kila moja. Baada ya hapo bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ile iliyo kwenye boksi, na uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ili uletewe jibu la chapa na aina. Tangu tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, sioni sababu ya mtu kununua simu bila kufanya hivyo. Mimi ningenunua Tanga, kwenye duka linalotoa risiti na dhamana, kwa kuwa simu ikiharibika hutaipandia basi kuirudisha Mombasa.

Dada wa Likoni

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa huku, na ninatumia laini za nchi zote mbili.

Mleta mada, unafikiria sana simu, ilhali dawa ya tatizo lako ni laini. Mama aende mwenyewe na pasipoti yake kwenye duka la mtandao au kwa wakala aliyeidhinishwa, asajiliwe laini ya Kenya na afunguliwe M-Pesa kwa jina lake. Asikubali kabisa laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata akiuziwa kwa bei ndogo kando ya kivuko, kwa sababu siku laini hiyo ikipotea hataweza kuidai wala kutoa fedha zilizomo. Akishakuwa na akaunti yake, wanunuzi watamtumia hata akiwa amerudi Tanga na simu imezimwa. Fedha hukaa kwenye akaunti, hazikai ndani ya simu, na atazikuta atakaporudi. Tangu mwaka 2015 inawezekana pia kutuma kutoka M-Pesa ya Safaricom kwenda M-Pesa ya Vodacom Tanzania, hivyo si lazima asafiri na fedha zote mkobani, ingawa ni busara kuangalia kwanza makato na bei ya kubadilisha shilingi.

Jambo ambalo ninakuomba ulishughulikie kabla ya mengine yote ni namna namba zilivyohifadhiwa. Nchi zetu zote mbili zina namba zinazoanza na 07, zenye tarakimu sawa kwa idadi. Namba yako ya Tanga inayoanza na 0712, ikipigwa kwa laini ya Kenya bila msimbo wa nchi, inaweza kuita kwa mtu wa Kenya asiyekujua kabisa. Kupiga kimakosa kunasameheka, lakini kutuma fedha kimakosa ni msiba, nami nimeshuhudia jirani yangu akilia kwa ajili hiyo. Hifadhi namba zote za nyumbani kwa +255 na za huku kwa +254, ukiondoa sifuri ya mwanzo, nazo zitafanya kazi popote alipo. Kabla ya kuthibitisha malipo, mama asome jina linalotokea, na kama macho hayamruhusu, asomewe na mtu anayemwamini.

Mstaafu wa Chumbageni

Vijana wangu, nimefurahi kuona mnazungumza kwa utulivu. Ninaongeza machache kuhusu roming, maana niliitumia sana nilipokuwa kazini.

Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha huduma ya One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa mara ya kwanza msafiri aliweza kuvuka mpaka na laini yake, akapokea simu bila kulipia na kupiga kwa bei za wenyeji. Ilikuwa faraja kubwa sana kwetu. Baadaye, mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wao wa kushusha gharama kati yao, na Tanzania haikuwamo mwanzoni. Ninaeleza hayo kwa sababu watu wengi hukumbuka habari nzuri za zamani au za jirani, wakadhani zinahusu laini waliyonayo leo. Bei ya roming hutegemea mtandao na makubaliano yake na mwenzake wa nchi nyingine, na ipo mitandao ambayo hata kupokea simu ni kwa malipo. Kwa mtu anayevuka mara mbili kila mwezi, laini ya nchi husika ndiyo nafuu. Roming ibaki kwa ajili ya dharura.

Yaliyompata mama pale Horohoro yana kinga. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao hufuata mnara wenye nguvu, na mnara haujui mpaka uko wapi. Ingia kwenye mipangilio, mahali pa kuchagua mtandao, uondoe uchaguzi wa moja kwa moja na umchagulie mtandao wake wa Tanzania. Huenda akapata mawasiliano hafifu karibu na mpaka, lakini salio lake litabaki. Tena, laini ya Kenya isikae miezi mingi bila kutumika, kwa sababu laini zilizolala hufungwa na namba hupewa mtu mwingine.

Mvuka Mpaka

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini kuhusu simu moja ya laini mbili sikubaliani nao. Mimi huvuka na vitenge. Simu yangu ya laini mbili iliibwa nikiwa kwenye msongamano wa kivuko cha Likoni, na kwa dakika moja nikawa sina Tanzania wala Kenya. Sikuwa na namba ya mtu yeyote kichwani. Tangu siku hiyo ninabeba simu mbili, moja mkobani na nyingine nguoni. Nami ninamshauri mama afanye hivyo, pamoja na kuandika namba tatu muhimu kwenye karatasi ndani ya pasipoti.

Bibi wa Pangani

Mwanangu mleta mada, nimesoma yote uliyoandika. Umeeleza umri wa mama, biashara yake na fedha ulizonazo, lakini sijaona mahali uliposema kwamba yeye mwenyewe anataka simu ya namna gani. Je, umemuuliza?

Mwana wa Makorora (mleta mada)

Bibi, shikamoo. Swali lako lilinigusa, kwa kuwa nilikuwa sijamuuliza. Nilimwendea jana baada ya magharibi, nikamwonyesha simu janja ya mke wangu. Aliishika kwa muda, akanirudishia na kuniambia kwamba akiwa sokoni vidole vyake huwa na utomvu na vumbi kutwa nzima, na kioo cha namna ile hakitamsikia. Anataka vitufe vikubwa, sauti ya kusikika kwenye kelele za magari ya mizigo, na tochi, kwa sababu mzigo hushushwa alfajiri. Picha za machungwa alisema nizitume mimi kwa wanunuzi, yeye apigiwe tu.

Fundi, je, kitochi cha laini mbili kitatosha, na M-Pesa itafanya kazi bila intaneti?

Fundi wa Ngamiani

Kitatosha kabisa. M-Pesa hufanya kazi kwa menyu ya kawaida bila intaneti, na betri ya kitochi itakaa siku kadhaa, jambo ambalo simu janja ya bei hiyo haiwezi. Chagua chenye herufi kubwa na spika ya nguvu, ukijaribu sauti ukiwa nje barabarani na si ndani ya duka. Ile simu yake ya zamani usiitupe. Iwekee laini ya Tanzania na akae nayo nguoni, na kile kipya kiwe na laini ya Kenya pamoja na nafasi moja ya akiba. Hapo ushauri wa Mvuka Mpaka utakuwa umezingatiwa bila gharama ya ziada.

Mwana wa Makorora (mleta mada)

Ninawashukuru nyote. Nimenunua kitochi cha laini mbili leo mchana, boksi na simu vina namba moja, na jibu la 15090 limekuja sawasawa. Zaidi ya nusu ya akiba yangu imebaki, nami nitaitumia kumsindikiza mama Jumatano hadi Mombasa ili tusajili laini kwa pasipoti yake nikiwa kando yake. Usiku huu ninahamisha majina 84 kutoka simu ya zamani, moja baada ya jingine, na kila namba ninaiwekea +255 au +254. Mama amekaa hapa pembeni ananitajia nani ni wa upande upi.