Wenye fremu mtatuua! Soketi matundu matatu, waya mbili

Wakuu, jana nimepigwa shoti tena. Mkono wa kulia bado una ganzi, naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa mnivumilie.

Mimi ni fundi elektroniki, nina fremu huku Buguruni. TV, sabufa, maikrowevu, kompyuta za mezani, chochote kikiletwa nafungua. Najua mtakuja na ule wimbo wenu wa "fundi asiyepigwa shoti si fundi". Leo kaeni nao. Kuna shoti zangu na kuna shoti za watu, na nimechoka kubeba za watu.

Zangu nazikubali. Mwaka wa kwanza niligusa kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, kwenye pawa saplai ya flati, TV yenyewe ilishachomolewa muda mrefu tu. Umeme wa ukutani ni volti 230, ukishanyooshwa mle ndani unafika kama 325, na rezista ya kuumaliza ilikuwa imeungua. Bisibisi ilienda kuokotwa barabarani. Uzembe wangu, sikumlaumu mtu. Tangu siku hiyo kapasita naimaliza kwa balbu ya wati 60 kwanza, ndio naweka kidole. TV za chogo ndio usiseme, mzee aliyenifundisha alikuwa anatufokea tuweke mkono mmoja mfukoni tukifungua nyuma, maana ile kofia ya kwenye kioo inabeba volti zaidi ya 20,000.

Sasa ya jana. Mama mmoja wa mgahawa kaleta maikrowevu, anasema, "Fundi, hii inatekenya." Nikaichomeka niisikilize. Usiku mvua ilinyesha, sakafu ya fremu imeloa kama kawaida ya masika, miguuni nina ndala zilizokwisha. Mkono mmoja kwenye bati la maikrowevu, mwingine nikaegemea geti la chuma.

Wakuu, sikurushwa. Afadhali ningerushwa! Misuli ilikaza, vidole vikang'ang'ania bati, nataka kupiga kelele sauti haitoki. Mkono kwa mkono, na moyo uko katikati. Dogo ninayemfundisha ndiye aliyewahi kuzima swichi. Angekuwa kaenda kufuata chapati, uzi huu msingeuona.

Tatizo la maikrowevu nililipata dakika tano tu: waya wa moto umechubuka, unagusa bati. Kitu cha kawaida kabisa, na ndio maana plagi yake ina pini tatu. Ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ingekuwepo, umeme uliovuja ungepata njia ya kushuka ardhini bila kupitia kifuani kwangu. Nikafungua soketi. Tundu la juu halina waya. Sio kwamba umekatika, HAUJAWAHI kuwepo! Soketi zote nne. Tundu la tatu mlituwekea la nini, pambo?

Nikampigia mwenye fremu.

"Shikamoo mzee. Soketi zako hazina ethi, leo nimenusurika."

"Marahaba. Umeme si unawaka?"

"Unawaka mzee."

"Sasa shida nini, kijana? Aliyekutangulia alikaa miaka sita, sikuwahi kusikia lalamiko."

Aliyenitangulia alikuwa anauza vitenge! Kitenge kina pawa saplai?

Nikaomba nigongelee fimbo ya ethi mwenyewe, kwa hela yangu. Kakataa, nitamharibia sementi ya barazani. Basi niweke RCD kwenye meni, ile ya miliampea 30, umeme ukivuja tu inakata. Akasema breka ipo. Ipo kweli, ya ampea 32. Hiyo inalinda waya zake zisiungue, mimi hainijui. Ampea 32 kwa miliampea 30 ni zaidi ya mara 1,000. Nitakuwa nimeshafanyiwa arobaini, breka haijashtuka.

Kilichonimaliza ni fomu. Kanitumia picha ya ile fomu ya ukaguzi wa waya inayotangulia kabla ya kufungiwa mita, eti nione kila kitu kilipimwa. Mhuri wa mkandarasi upo, sahihi ipo, kwenye ethi pamejazwa "sawa". Ethi ipi? Huyo mkandarasi kama alifika hapa, alifika kunywa soda.

Nikasema nijiokoe na ekstensheni nzuri. Nimeinunua Kariakoo, matundu matatu yanang'aa. Kuifungua, waya mbili. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Kuna aliyewahi kumshinda mwenye fremu kwenye jambo hili? Alimfuata nani, alianzia wapi? Kama una jibu la "vaa ndala nzito", pita kimya.

Asubuhi hii mzee kanitumia ujumbe. Nikajua dhamiri imemsuta, ethi inakuja. Nimefungua: "Kijana kodi yako inaisha tarehe 30. Safari hii ni miezi sita na imepanda."