Shokamzoba za nyuma za Boxer kwa njia ya Marafa: za kampuni, za kopo la gesi, au springi ya tuktuk?

Boda_Marafa
Salaam wanajukwaa. Asubuhi nabeba abiria Malindi mjini, mchana napanda Marafa kuchukua maembe, narudi na kreti mbili nyuma na gunia moja katikati. Pikipiki ni Boxer 150, huu mwaka wa nne. Shokamzoba ya kulia imeanza kutema oili, na nikiingia shimo na mzigo nasikia tairi linakwaruza madigadi. Nimechungulia jana kwa tochi: ndani ya madigadi kuna mstari mweusi wa raba, upana wa vidole vitatu.

Nimezunguka madukani nimepata njia tatu. Pea mpya kama zile zilizokuja na pikipiki, 3,800. Pea ndefu kidogo zenye kopo la gesi ubavuni, 6,500. Na fundi mmoja anasema nimwachie hizi zangu, abadilishe sili (ile raba inayozuia oili isitoke), atie oili nzito na springi ya tuktuk, yote kwa 1,800. Mzigo siwezi kupunguza, msimu ndio huu. Nyinyi mngefunga zipi?

Kopo_Jekundu
Funga za gesi kaka, usirudi nyuma. Mimi nilizifunga mwezi wa pili. Ile marram ya mawimbi ukishaacha lami, za kawaida zilikuwa zikishika moto zinalegea, nyuma inaanza kucheza kama punda anayekataa mzigo. Hizi nikitoka Mambrui na nikifika Marafa ni zile zile. Bei inauma siku moja tu.

Fundi_Shella
Ngoja kwanza ndugu yangu, kabla hujatoa 6,500.

Shokamzoba ina kazi mbili na watu wanazichanganya. Springi ndiyo inayobeba mzigo. Oili iliyo ndani ya bomba inazuia ile springi isirudi kwa fujo. Fimbo, ile ya chuma inayoteleza ndani ya bomba, ikiingia na kutoka mbio mbio kwenye mawimbi, oili inachanganyika na hewa, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana ndugu hapo juu anaziona zinalegea. Gesi ya naitrojeni inaikandamiza oili isitoe povu. Faida ni ya kweli, sibishi. Lakini kreti mbili za maembe hazibebwi na gesi. Ukiwa na kopo zuri na springi nyembamba, tairi litaendelea kukwaruza madigadi vile vile.

Tena hakikisha ni kopo la kweli. Niliwahi kuletewa shokamzoba moja iliyokatika sikio (pale bolti inapopita), nikaikata ili nione: kopo halikuwa na tundu lolote la kuingia kwenye bomba. Limegandishwa kwa nje tu. (Na usijaribu kukata au kuchomelea lile lenye gesi hasa. Linaweza kulipuka mkononi.)

La kunisumbua zaidi ni neno lako "ndefu kidogo". Weka pikipiki stendi kubwa, gurudumu lining'inie, upime katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Urefu huo ndio ununue. Ukiongeza sentimita 2, gurudumu linashuka zaidi ya 2, kwa sababu shokamzoba imeshikwa mbele kidogo ya ekseli. Nyuma ikipanda, usukani unakuwa mwepesi mno, ukiingia mchangani unahangaika. Na stendi kubwa haitainua tena tairi, linabaki limegusa chini. Siku ya pancha utanikumbuka.

Kopo_Jekundu
Hilo la stendi ni kweli fundi, mimi yangu naiweka juu ya kipande cha ubao. Sikujua sababu ni urefu.

Mzee_wa_Ngomeni
Vijana, mimi niulizeni hiyo springi ya tuktuk. Niliwekewa na fundi niliyemwamini, wakati nikibeba magunia ya chumvi. Na mzigo ilikuwa raha, pikipiki imesimama wima. Jioni nimeshusha, namrudisha mke wangu nyumbani, tukafika kwenye matuta. Nyuma ikaturusha sote. Nikashika breki ya nyuma, tairi haliko chini, haishiki kitu. Mwenzangu alivunjika mkono wa kushoto na hadi leo kukiwa na baridi unamuuma. Springi ile ni ya chombo kingine kizito, na oili ya Boxer haina nguvu ya kuirudisha taratibu. Usifunge, mwanangu. Hiyo 1,800 ni ghali kuliko zote.

Boda_Marafa
Pole sana mzee, na mpe mama pole. Hiyo basi nimeitoa kabisa.

Swali kwa fundi: ile pete ya chini yenye vidato, nikiizungusha mpaka mwisho si springi inakuwa ngumu? Pengine pea mpya za kampuni zingetosha nikikaza tu.

Fundi_Shella
Haiwi ngumu. Waya ni ule ule na mizunguko ni ile ile. Pete inaifinya springi kabla hujapanda, kwa hivyo pikipiki inaanzia juu zaidi na inachelewa kufika mwisho. Inasaidia, ila ina kikomo. La muhimu: kidato kiwe sawa kulia na kushoto. Nakuta pikipiki nyingi za mjini kulia kidato cha nne, kushoto cha pili, mwenyewe analalamika inavuta upande.

Na zote mbili zibadilishwe pamoja. Usinunue ya kulia peke yake kwa sababu ndiyo inayovuja.

BintiMambrui
Mimi nabeba samaki, kreti iko nyuma, na ninatumia zile za kampuni. Zinanitosha, lakini mzigo wangu hauzidi kreti moja na barafu. Asubuhi napandisha kidato, jioni nateremsha. Dakika tano na ile spana ya ndoano.

Naongeza jambo ambalo nyinyi wa maembe hamlioni. Maji ya samaki na upepo wa bahari vinakula fimbo. Inaanza doa dogo la kutu, ukipitisha kucha unalihisi. Doa hilo ndilo linalochana sili, kisha oili inatoka. Ya kwanza ilinifia hivyo ndani ya miezi saba. Sasa kila jioni nazimwagia maji baridi ya kisima, nazipangusa kwa kitambaa. Kaka Boda_Marafa, yako ya kulia ichunguze kabla hujaitupa, ujue imekufa kwa mzigo au kwa kutu.

Mpeketoni_Mahindi
Mbona hakuna aliyetaja za mzigo? Huku kwetu tunafunga pea za urefu ule ule wa kampuni, ila waya wa springi ni mnene na bomba la oili limepanuliwa kidogo. Mimi nililipa 4,600. Ukiwa peke yako zinagonga kiuno, sifichi, na abiria wazee hawazipendi. Na mahindi magunia mawili ndipo zinatulia. Ulizia hapo Malindi, zipo.

Fundi_Shella
Hizo. Kwa kazi aliyoeleza, mimi ningefunga hizo. Asubuhi za abiria apunguze kidato na upepo wa tairi asiujaze kama wa mzigo, kiuno kitapona. Bushi, zile raba za kwenye masikio, zitiwe mpya, bolti zikazwe pikipiki ikiwa chini imekaliwa. Kisha apime cheni akiwa na mzigo, maana cheni hukaza zaidi pale ekseli, bolti ya ule mkono unaoshika gurudumu, na sproketi ya mbele vikikaa mstari mmoja. Ukiipima ikiwa mtupu utaikaza kupita kiasi, itakula sproketi.

Boda_Marafa
Narudi baada ya siku tisa. Nilipata za mzigo kwa 4,400, urefu nimepima mwenyewe dukani kwa futi, sawasawa na zangu. Ile ya kulia ya zamani, dada, ulisema kweli: doa la kutu upande wa nyuma, mahali matope ya tairi yanaporukia.

Nilipaka chaki nyeupe ndani ya madigadi kisha nikaenda Marafa. Kurudi na kreti mbili peke yake, chaki imebaki nzima. Kesho yake kreti mbili na gunia, imefutika mahali pamoja, upana wa kidole kimoja. Gunia sasa nalifuata safari ya pili. Mafuta ya petroli yanaongezeka, lakini madigadi haikwaruzi tena, na mama mmoja wa Ganda niliyempeleka sokoni leo aliniuliza kama nimenunua pikipiki nyingine.

Mzee_wa_Ngomeni
Afadhali, mwanangu. Kaza zile nati tena baada ya wiki moja, mpya hulegea.