Mjadala: Cold Heart ya Elton John na Dua Lipa ni kolabo, au ni kaseti ya zamani iliyovishwa biti?

Mzee wa Santuri (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu jana usiku, naomba tulijadili bila matusi.

Nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani, ukumbi mmoja hapa Mwanza. Baada ya msosi dijei akaanza kupasha ukumbi, ikaingia sauti ya Elton John, yule mwimbaji Mwingereza, ubeti wa wimbo wake Sacrifice. Mke wangu akaweka soda chini, akavua viatu chini ya meza, akanivuta mkono. Sisi tulioana 1993 na wimbo ule ndio uliopigwa, kwenye kaseti iliyorekodiwa redioni. Mwanzoni kabisa unamsikia mtangazaji akimalizia kutaja saa. Tumefika katikati ya ukumbi, nasubiri kibwagizo ninachokijua kama jina langu, mara anaingia binti anaimba Rocket Man! Wimbo mwingine kabisa. Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyebadilisha. Vijana wakajaa, sisi tukarudi kukaa, na kiatu kimoja hakikuonekana mpaka taa zilipowashwa.

Kwa ambao hamjaufuatilia, wimbo uliopigwa ndio huo Cold Heart: ulitoka Agosti 2021, na kwenye jina lake rasmi kuna maneno "Pnau Remix". Pnau ni kundi la muziki wa kielektroniki kutoka Australia. Wamechukua nyimbo nne za Elton, yaani Rocket Man (1972), Where's the Shoorah? (1976), Kiss the Bride (1983) na Sacrifice (1989), wakakata vipande, wakavishonea biti ya disko. Elton alikuwa na miaka 74, lakini anayeimba mle si mzee wa miaka 74, ni sauti ya kwenye kanda zake za zamani. Dua Lipa, yule binti aliyeingia na Rocket Man, kazaliwa 1995, Sacrifice ina miaka sita.

Kwangu mimi kolabo ni watu wawili wanaosikilizana. Mmoja anarusha, mwenzake anadaka. Hapa mmoja aliimba zamani bila kujua kuna mtu atamjibu, mwingine akaja kuimba juu ya kanda. Kisha dunia nzima inaita dueti. Mimi naita uvivu. Mnasemaje?

Dijei wa Temeke

Shikamoo mzee. Swali moja tu: ukumbi ulijaa au haukujaa?

Mzee wa Santuri

Marahaba. Ulijaa. Hata ukigawa mishikaki ya bure utajaa, hilo si jibu.

Binti Ngamiani

Mzee wangu, mpe mama pole ya kiatu. Sasa naomba nikuchokoze kidogo.

Kwanza huo wimbo wenu wa ndoa. Maneno yake mmewahi kuyasikiliza? Sacrifice ni ndoa inayovunjika. Mtu katoka nje, mapenzi yamepoa mpaka kuachana hakuonekani hasara. Na Afrika Mashariki nzima tunaupiga bwana na bibi harusi wakilishana keki!

Pili, wimbo huo nao ulifufuliwa na mtu mwingine. Ulipotoka Uingereza 1989 uliishia nafasi ya 55. Mwaka uliofuata mtangazaji wa BBC Radio 1, Steve Wright, akaanza kuupiga tena, ukatolewa upya, na Juni 1990 ukawa namba moja. Ndiyo namba moja ya kwanza ya Elton kwao Uingereza akiwa peke yake. Kabla ya hapo alikuwa nayo moja tu, na alikuwa na mwenzake: Don't Go Breaking My Heart, yeye na Kiki Dee, 1976, wiki sita kileleni.

Hiyo ya 1976 ndiyo nyinyi wazee mnaitolea mfano mkitaka kutuonyesha kolabo ya kweli, si ndiyo? Wanaitana, wanaitikiana, utadhani wameshikana mikono. Sasa Elton sauti yake aliirekodi Toronto, Kanada. Kiki Dee akaweka yake London. Kanda ilipanda ndege. Huko kurusha na kudaka unakokusema kulifanyika na bahari ya Atlantiki katikati.

Na ukitaka kuwaona Elton na Dua wakisikilizana, Novemba 20, 2022, uwanja wa Dodger kule Los Angeles, binti alipanda jukwaani wakaimba Cold Heart pamoja. Usiku huohuo na Kiki Dee alipanda.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi

Huyu dada amemaliza, lakini wacha niongeze moto. Cold Heart ilifika namba moja Uingereza Oktoba 2021. Kabla ya hapo, mara ya mwisho Elton kufika kileleni ilikuwa 2005 na Ghetto Gospel, akiwa na nani? 2Pac, yule rapa Mmarekani. Marehemu tangu 1996! Na sauti ya Elton mle ndani ilitolewa kwa wimbo wake wa 1971, Indian Sunset. Yaani mmoja kaburini, mwingine ni kipande cha santuri, na bado watu walilia machozi ya kweli. Mzee, hiyo utaiita nini? Angalau Dua Lipa anapumua.

Dijei wa Temeke

😂😂 Angalau anapumua!

Fundi wa Vokali

Niwape ya jikoni, maana neno "uvivu" limenichoma. Nina miaka tisa kwenye meza ya studio.

Kila wimbo una ufunguo wake na mwendo wake. Ukichukua kibwagizo cha Rocket Man ukakilaza juu ya Sacrifice bila kugusa kitu, ni paka wawili guniani. Lazima uvute huku, ubane kule, na sauti ya binadamu ukiivuta kupita kiasi inaanza kuwa na kutu.

Tatizo kubwa zaidi ni umri wa koo. Mwaka jana kwaya moja iliniletea nyimbo zao mbili, mwimbaji kiongozi yuleyule, zimepishana miaka kumi, wakitaka niziunganishe ziwe moja kwa ajili ya tamasha. Nikaziweka. Ikawa mama na binti yake wanagombania maiki. Nilikesha siku tatu, mwishoni nikamwita dada mwenyewe aje arudie kibwagizo upya.

Sasa mtazameni Elton. Rocket Man aliirekodi hajatimiza miaka 25, sauti iko juu, nyepesi. 1987 akafanyiwa upasuaji wa koo, na baada ya hapo sauti ikashuka, ikawa nzito. Sacrifice ni sauti hiyo nzito. Ukiwaweka wale wawili wimbo mmoja unapata Elton wawili wasiofahamiana. Kwa hisia yangu ya kifundi, ndiyo maana kibwagizo akapewa binti. Yule binti si urembo wa kuuzia wimbo kwa vijana, ni daraja. Sauti yake ni ya chini kidogo kwa mwanamke, ina moshimoshi, inakaa vizuri pembeni ya Elton wa 1989 bila kumfukuza. Wekeni spika za masikioni msikilize pale anapoingia. Biti haibadiliki, ila chumba kinapanuka.

Isitoshe Pnau hawakuokota nyimbo njiani. 2012 walishatoa albamu nzima kwa kazi za Elton, Good Morning to the Night, yeye mwenyewe akiwa amewafungulia kanda zake, kila chombo na kila sauti kwenye njia yake. Nayo ilifika namba moja Uingereza. Miaka tisa baadaye ndipo ikaja Cold Heart. Hao si wavivu, mzee.

Mzee wa Santuri

Fundi, nimekusoma mara mbili. Basi nafuta neno uvivu. Na wewe binti wa Tanga, hilo la Toronto sikulijua, umenipiga chenga.

Ila kuna kitu hamjakigusa. Sacrifice ilikuwa na mwisho wake. Mnapoikatia njiani mkanipa kibwagizo cha wimbo mwingine, mnanidai nisahau nilichokuwa nakisubiri. Hilo fundi huwezi kulipima kwa mitambo.

Dijei wa Temeke

Mzee, Sacrifice ya 1989 haijafutwa. Ipo. Ukiniomba mapema naiweka, mwanzo mwisho. Ila ukumbi ukikauka hela ya muda huo unanilipa wewe.

Mtoto wa Mpiga Saksafoni

Nimekuwa nasoma kimyakimya tangu juzi. Mnabishana kama walikutana au hawakukutana, kama biti ni nzuri au mbaya. Mimi naona mmelipita jambo lenyewe.

Baba yangu alipiga saksafoni kwenye bendi ya dansi, Dar es Salaam, kabla sijazaliwa. Walirekodi, wakalipwa siku ile, wakapanda basi kurudi nyumbani. Mwisho wa habari. Miaka michache iliyopita niko kwenye daladala, kwenye wimbo wa kijana mmoja (simtaji, sina ugomvi naye) nikasikia sekunde kama nane za saksafoni. Nilijua ni baba. Ana mahali anapovuta pumzi vibaya, anachelewa nusu pigo, bendi nzima walikuwa wanamtania kwa hilo. Kijana alichukua hadi ile pumzi mbaya, ikawa inajirudia kila baada ya mistari minne. Abiria walikuwa wanaitikisia vichwa.

Nikamwekea baba kwenye simu. Akasikiliza, akacheka, akauliza, "Wamemuuliza nani?"

Kwa hiyo mimi Cold Heart sina shida nayo hata kidogo. Elton aliulizwa. Elton alikubali, jina lake liko mbele, majina ya nyimbo zake yanajulikana moja baada ya jingine mpaka Mzee wa Santuri ameweza kututajia miaka. Huo mkasi ulishikwa na ruhusa yake. Kwetu mkasi unapita kwenye shingo za watu ambao hata hawajui kama wamekatwa.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi

Hii imenikalia. Huku kwetu fikiria Malaika. Makeba ameimba, Boney M wakaitia disko 1981, dunia nzima ikaicheza, na hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeitunga: Fadhili William aliyeirekodi na kujulikana nayo, Adam Salim, au wengine. Ikiwa mwenyewe hajulikani, ni nani wa kuulizwa?

Fundi wa Vokali

Pole kwa mzee, ndugu yangu. Niseme ukweli wa jikoni tena, na huu si mtamu.

Kanda nyingi za bendi zetu, zile za Redio Tanzania Dar es Salaam, ziliwekwa bendi ikipiga yote kwa pamoja chumba kimoja. Hakuna njia ya sauti peke yake na gitaa peke yake kama za Elton. Zamani hilo lilikuwa kama kufuli: ukitaka saksafoni unapewa na ngoma na kila kitu, unaishia kuacha. Siku hizi kuna programu zinazochambua wimbo uliokwisha changanywa na kukutolea sauti moja moja. Kaka zangu studio wanazo kwenye kompyuta za kawaida. Kufuli limevunjika. Kwa hiyo yaliyompata baba yako yatawapata wengi, na haraka.

Mimi mwenyewe sijawahi kuuliza mtu. Nimekata vipande viwili vitatu, vya bendi ambazo sikujua hata ni za mkoa gani. Sijivunii.

Binti Ngamiani

Fundi, angalau umesema. Swali langu: ungetaka kuuliza, ungeanzia wapi? Mtunzi kafariki, bendi ilishakufa, wanachama wametawanyika. Msanii mdogo wa Tanga hana mwanasheria wa kupiga simu. Nauliza kweli, sibishani.

Mzee wa Santuri

Naona mada imenihama mikononi, na sikasiriki.

Mama kasoma maoni yenu jioni hii, akaniambia nimwekee hiyo Cold Heart kwenye simu aisikilize ametulia. Kaisikiliza hadi mwisho. Kasema binti anaimba vizuri, ila yeye kucheza atacheza ile nyingine. Mimi nabaki hapohapo na mama. Dijei, andaa bei yako.

Binti wa Tanga, sehemu moja ya kuanzia ninayo chini ya kitanda. Bendi zetu nyingi zilikuwa zinakwenda Nairobi kutoa santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, na kwenye lebo ya katikati waliandika jina la bendi, na mara nyingi la mtunzi kwenye mabano. Wapiga vyombo hawakuandikwa, hilo ni kweli. Lakini jina moja ni uzi.

Mtoto wa Mpiga Saksafoni, nitumie jina la bendi ya baba na jina la wimbo. Kama unajua mwaka, tuma na mwaka: za kabla ya 1980 ziko kwenye boksi la juu.