Kompyuta ya kuhariri harusi za 4K kwa milioni 3.2: naomba ushauri kabla sijalipa

MamaPicha_Moro

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wanaostahili.

Niko Morogoro, napiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Mwaka jana nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika kwenye duka moja. Haikumaliza miezi minne. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, nikasikia "pa!" na harufu ya plastiki iliyoungua. Pawa saplai ilikufa na kuondoka na diski yenye harusi mbili. Ya kwanza niliiokoa kwa sababu kadi ya kamera nilikuwa sijaifuta. Ya pili ilibidi niende mwenyewe nyumbani kwa mama wa bibi harusi, nikae kwenye mkeka, nimweleze. Sitaki kupita tena pale.

Sasa nimejikusanyia milioni 3 na laki 2, monita ninayo. Duka la Dar limenipa orodha hii: prosesa ya Ryzen 7 5700X, madabodi (bodi kuu) ya B450, RAM 16GB kijiti kimoja, kadi ya grafiki ya RTX 4060, SSD ya 512GB, kipoozeo cha maji, keisi ya vioo yenye feni sita za taa, na pawa saplai "700W" ambayo jina lake hawakuliandika. Wanasema ni mashine ya kazi nzito. Je, nilipe?

Mwana wa Mrima

Pole sana dada. Usilipe kwanza.

Pawa saplai isiyo na jina ndiyo iliyokuliza mwaka jana, na ndiyo hiyo inarudi kwa mlango wa nyuma. Hiyo 700W ni maandishi ya stika. Muulize muuzaji kama ina cheti cha 80 Plus (cha kutopoteza umeme ovyo), walau daraja la Bronze, na kama ina kinga za volti kupanda na shoti. Akianza kuzunguka maneno, achana nayo.

Hesabu ya umeme nayo ni nyepesi. RTX 4060 inakula wati 115. Weka prosesa ya wati 120 ikiwa imebanwa kazini, ongeza 60 za feni, diski na madabodi. Hujafika hata 300. Pawa saplai ya kweli ya 550W inakutosha na inabaki inapumua. Ya uongo ya 700W itakuunguza tena.

Mzee wa Kihesa

Binti yangu, kwa nini usichukue HP Z440 iliyotumika? Zipo nyingi mjini, zina prosesa za Xeon za Intel, zimejengwa imara kama trekta. Mimi ninayo ofisini hapa Iringa mwaka wa nne huu, haijawahi kunisumbua. Pesa itakayobaki unanunua kadi nzuri ya grafiki.

Fundi Kibodi

Shikamoo mzee. Z440 ni mashine ya heshima, ila kwa dada huyu nina mashaka nayo, nitaeleza.

Dada MamaPicha, nijibu kwanza: unapiga kwa kamera gani, kwa mpangilio gani, na unahariri kwa programu ipi? Watu wanaanza na prosesa. Kwenye video inatakiwa uanze na faili.

MamaPicha_Moro

Asante Mwana wa Mrima kwa hesabu, na asante mzee wangu.

Fundi, natumia Canon R6. Napiga 4K, C-Log (mpangilio wa Canon unaotunza sehemu za mwanga na giza), kwa sababu kumbi zetu zina taa za rangi na mashela meupe, bila C-Log nyeupe inaungua. Nahariri Premiere Pro. Kwa mpakato wangu wa sasa nikibonyeza cheza, picha inaruka, sauti inatangulia, bwana harusi anaganda mdomo wazi. Inabidi nilale nikisubiri faili za proksi, zile nakala nyepesi za kuhariria, zitengenezwe.

Fundi Kibodi

Basi jibu tumelipata, na naomba usome taratibu maana duka halitakueleza hili.

R6 ukiwasha C-Log haikuandikii H.264 ya kawaida. Inaandika H.265 ya biti 10, rangi 4:2:2. Hizo H ni njia za kukunja video. Video za kawaida ni 4:2:0, yaani nukta nne za picha zinagawana taarifa moja ya rangi. Kwenye 4:2:2 zinagawana nukta mbili mbili. Ndiyo maana ukivuta rangi kwenye kitenge au ngozi haichaniki. Lakini hiyo H.265 imekunjwa sana ili faili iwe ndogo. Kila unapobonyeza cheza, kompyuta inapaswa kuikunjua fremu kwa fremu.

Kuna vijisehemu maalumu vya kazi hiyo ndani ya chipu. Intel wanakiita Quick Sync, kimo kwenye grafiki ya ndani ya prosesa zao, na kizazi cha 12 kinakunjua H.265 ya biti 10 4:2:2 bila jasho. RTX 4060, pamoja na nguvu zake zote, haikunjui aina hiyo. Inakunjua 4:2:0, hii yako inaiachia prosesa. Ryzen 7 5700X haina grafiki ya ndani kabisa. Kwa maana hiyo, mashine waliyokuandikia ingekunjua video zako kwa misuli mitupu ya prosesa. Ungetoa milioni tatu na bado ungelala unasubiri proksi.

Hapo ndipo mashaka yangu na Z440 yalipo, mzee wangu. Xeon zake hazina Quick Sync. Tena Windows 10 iliachwa kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Z440 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11.

Ushauri wangu: Core i5-12400, ya kizazi hicho cha 12. Angalia vizuri, isiwe i5-12400F. Hiyo F maana yake grafiki ya ndani imezimwa, na kwako wewe F hiyo ndiyo inayoondoa kitu unachokihitaji. Wauzaji watakuambia "ni ile ile, hii ni nafuu". Kwa mcheza gemu ni ile ile kweli. Kwako siyo.

Luthuli254

Fundi ameongea vizuri lakini niweke upande mwingine. RTX za mfululizo wa 50 zilizotoka 2025 zinakunjua 4:2:2. RTX 5060 ilitangazwa kwa dola 299, bei ile ile iliyoanza nayo 4060. Akichukua Ryzen 5 7600 na RTX 5060 atakuwa kwenye soketi (kitako cha prosesa kwenye madabodi) ya AM5, ambayo AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Intel ya 12 iko kwenye LGA1700, na soketi hiyo imefika mwisho wake na kizazi cha 14.

Fundi Kibodi

Ndugu yangu wa Nairobi, kwa mwenye milioni nne na nusu nakubaliana nawe neno kwa neno. Tatizo AM5 inalazimisha DDR5, RAM ya kizazi kipya kuliko DDR4, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. DDR4 nayo imeguswa, ila bado unaweza kuipata iliyotumika ikiwa nzima. Dada akichukua madabodi ya B760 inayotumia DDR4, miaka miwili ijayo anaweza kupachika i7 ya kizazi cha 13 au 14 humo humo bila kubadilisha madabodi wala RAM.

RTX 5060 akiikuta kwa tofauti ndogo na 4060, achukue. Asipoikuta, Quick Sync itafanya kukunjua na 4060 itafanya rangi, efekti na kutoa kazi iliyokamilika. Zinasaidiana.

MamaPicha_Moro

Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo pesa nizitoe wapi niziweke wapi? Duka wanashikilia kwamba kipoozeo cha maji ni lazima kwa joto letu.

Mwana wa Mrima

Siyo lazima. i5-12400 ya kwenye boksi inakuja na feni yake, na inatosha. Joto la huku linataka hewa ipite. Keisi ya kioo mbele inapendeza dukani, lakini feni sita zikivuta hewa kupitia upenyo wa kidole zinapiga kelele tu. Chukua keisi yenye wavu mbele na kichujio unachoweza kukichomoa ukakiosha. Morogoro kiangazi vumbi lake mnalijua wenyewe.

Kipoozeo cha maji, taa na vioo ukivifuta, pesa ile inabeba RAM 32GB, vijiti viwili vya 16, na pawa saplai yenye jina. Kijiti kimoja ni kama barabara ya njia moja, prosesa inasubiri data.

Fundi Kibodi

Na SSD ya 512 ni ndogo. R6 kwenye mpangilio huo inaandika megabiti 170 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 76. Harusi ya saa nne ni zaidi ya GB 300. Ukiweka Windows na Premiere, harusi moja imejaza. Chukua NVMe (SSD ya kasi) ya TB 1 kwa kazi iliyo mezani, halafu hadidiski ya TB 4 kwa kuhifadhi. Na nakala ya pili iwe nje ya kompyuta, kwenye droo, imechomolewa. Kadi ya kamera usiifute mpaka nakala zimekuwa mbili.

Kijana wa Chwaka

Assalaam alaykum. Niko Dubai, mitaa ya Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta napita kila wiki. Ukiwa na mtu anakuja, prosesa, RAM na SSD ni vyepesi, vinaingia kwenye begi. Keisi na pawa saplai vinunue huko huko, uzito wake unakula faida, na pawa saplai ikizingua unataka kumrudia aliyekuuzia ukiwa na risiti.

Jambo moja, dada yangu: usichukue pawa saplai kuukuu iliyotoka Marekani yenye swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, itapasuka pale pale.

Mwana wa Mrima

Umenikumbusha UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Usinunue ile ya 650VA. VA siyo wati, nyingi za 650VA hutoa chini ya wati 400, na betri ikichoka kidogo inakuzimia kazi ikiwa katikati. Chukua 1000VA. Hutahariri harusi nzima kwa betri, unataka dakika chache tu za kusevu na kuzima kistaarabu, na umeme ukirudi kwa kishindo ukutane na UPS kwanza.

MamaPicha_Moro

Kesho kutwa napanda treni ya asubuhi kwenda Dar. Nimeandika kwenye karatasi: i5-12400 bila F, B760 ya DDR4, 16 mara mbili, 4060 (au 5060 kama bei inasogeleana), NVMe TB 1, 550W Bronze, keisi ya wavu. UPS na hadidiski mwezi ujao baada ya sendofu mbili nilizoshika. Nitaunga mwenyewe na mdogo wangu wa chuo.

Fundi Kibodi

Dada, UPS itangulie, hadidiski isubiri. Kwa sasa tumia diski yako ya nje.

Mkiunga: feni ya Intel ina miguu minne ya plastiki. Bonyezeni kwa mshalazari, wa kulia juu kisha wa kushoto chini, mpaka msikie "ka" kila mguu, halafu geuzeni madabodi mchungulie nyuma kama yote minne imetokeza. Mguu mmoja ukiwa haujaingia, prosesa inaweza kufika nyuzi 100 kwa dakika chache. Madabodi ikiwa na nafasi nne, RAM iwekeni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, usichomekwe kwenye madabodi.

MamaPicha_Moro

Wakuu nimerudi, leo siku ya tisa. Muuzaji kweli alinipa boksi la 12400F. Nilisoma ubavuni mwa boksi, nikamrudishia. Akaangalia, akaingia stoo, akatoka na lenyewe.

Tumeunga kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Imewaka mara ya tatu, RAM moja ilikuwa haijakaa. Joto haligusi nyuzi 70 nikitoa video. Lakini nimefungua harusi ya Jumamosi, 4K C-Log, na bado inakwama. Siyo kama zamani, ila inakwama. Prosesa inaenda asilimia 100. Nimekosea wapi?

Fundi Kibodi

Hujakosea. Fungua Task Manager, upande wa utendaji. Unaona GPU ngapi?

MamaPicha_Moro

Moja tu. RTX 4060.

Fundi Kibodi

Basi Intel yako imelala. Madabodi nyingi zikiona kadi ya grafiki zinazima ya ndani. Zima kompyuta, iwashe ukibonyeza Delete, uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya madabodi. Tafuta mipangilio ya grafiki, kuna mstari unaitwa iGPU Multi-Monitor. Iweke Enabled, sevu, toka. Windows ikifunguka weka draiva ya grafiki ya Intel. Kisha kwenye Premiere nenda Preferences, Media, hakikisha Intel imetiwa tiki kwenye kukunjua kwa maunzi. Funga Premiere, ifungue upya.

MamaPicha_Moro

GPU mbili sasa. Nimebonyeza cheza kwenye ile sehemu ya keki, kamera inazunguka, taa za zambarau. Imetiririka yote mpaka mwisho, prosesa iko asilimia 20 na kitu. Mdogo wangu anasema nimerudia kipande hicho mara tano.

Nimeanza kuikata. Bibi harusi anaitaka Ijumaa.