Insha zimenyooka, mwandishi hawezi kuzieleza

Wadau, nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika, itoke Novemba 2022, napokea insha safi kabisa kutoka kwa wanafunzi, lakini nikimuuliza mwandishi mwenyewe kwa nini alitumia wastani badala ya mediani (namba ya katikati data ikipangwa kwa ukubwa), ananyamaza. Inaniuma. Kupiga marufuku sitaki. Nifanyeje?

Jibu 1: Mwalimu, mimi ni mkutubi. Anza na marejeo. Programu hizi hutunga kwa kukisia neno linalofuata, hivyo huweza kubuni kitabu chenye jina zuri na mwaka wake, kumbe hakipo. Wape marejeo matano yaliyotolewa na mashine, wayasake moja moja kwenye katalogi. Hata mawili tu yakikosekana, wataelewa wenyewe.

Jibu 2: Shikamoo mwalimu. Mimi huandika rasimu kwanza, hata mbovu, ndipo naiambia ChatGPT: “Usinisahihishie, niulize maswali matatu kuhusu hoja iliyolegea.” Kuna swali lilinirudisha kwenye data siku mbili nzima.

Mwuliza swali: Marahaba, asanteni sana. Hilo la rasimu nalichukua. Nawaza pia kumhoji kila mmoja dakika tano, ila wako 90.

Jibu 1: Wachague kumi kwa kura kila wiki. Wote watajiandaa.