Pori lisilo na mwenyewe kwenye riwaya yangu: watu wa kule wanaishije?

msimulizi_wa_ukati

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu. Naandika riwaya ya ulimwengu wa kubuni, mwaka wa pili huu niko nayo na naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Kuna falme mbili, Ziwani na Mlimani, na katikati yake kuna nchi ya vijiji inaitwa Ukati. Kila mfalme anasema Ukati ni yake ila hakuna anayepeleka hata askari mmoja, hakuna hakimu wala jela, majambazi wanapita wanavyotaka na usiku mazimwi yanatoka msituni.

Sasa nimemsomea dada yangu sura 5 za kwanza, yeye ndo msomaji wangu wa kwanza siku zote, akasikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza swali moja tu, "kama kila usiku wanachinjwa, huo mtama wa sura ya tatu kaupanda nani?" Nikakosa jibu. Nimelala nalo wiki nzima. Mtama unahitaji miezi na mtu hapandi kitu ambacho hana uhakika wa kukivuna, sasa Ukati yangu imejaa damu lakini haina maisha. Nifanyeje iwe haina serikali na bado watu waishi humo kweli?

mzee_wa_njia_ya_kati

Kijana, dada yako msikilize sana, kakusaidia kuliko sisi wote tutakavyokusaidia.

Mi nimesoma sana habari za njia ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji, na nakuambia Ukati yako ilishawahi kuwepo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori linaitwa Mgunda Mkali, siku nyingi za kutembea, maji ya kubahatisha, na mpagazi ana mzigo wa kama kilo 30 begani. Wapagazi waliliogopa kweli kweli. Lakini angalia, waliliogopa na bado walipita kila mwaka. Kwa nini? Kwa sababu hata pale palipokuwa hapana serikali ya mtu mmoja palikuwa na bei.

Hiyo bei iliitwa hongo. Leo tukisema hongo tunamaanisha rushwa ila zamani hongo ilikuwa ushuru wa kupita, mtemi wa mahali anakaa na mkuu wa msafara wanajadiliana, inaweza kuchukua siku kadhaa, vitambaa vinapimwa kwa mkono, mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na malipo ni vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga na waya. Ugogo hata maji ya kisima ulilipia. Ukishalipa umepita, na yule mtemi hana faida ya kukuua maana mwakani hatopita mtu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu Ukati ni hili, nani anakula hongo na inalipwa kwa kitu gani? Kama ni chumvi, kama ni chuma, amua.

La pili ni majambazi wako. Nimesoma ulivyoandika "wanapita wanavyotaka", hapana, jambazi naye ana kwao. Warugaruga wa karne ya 19 walikuwa vijana waliotoroka utumwa, mateka wa vita, wapagazi walioacha misafara, watu waliokatika na koo zao. Nguo nyekundu, hirizi, gobori, na malipo yao ni fungu la nyara za vita. Mirambo alijenga dola na watu wa namna hiyo pale Urambo, na mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji mpaka Stanley akalazimika kuzunguka kusini kumfuata Livingstone. Mirambo alifariki 1884 na dola yake haikudumu baada yake. Yaani ndani ya maisha ya mtu mmoja genge limekuwa dola afu dola ikasambaratika, hapo ndo pana riwaya mdogo wangu. Usiniletee majambazi wasio na mama.

binti_kahama

Naunga mkono mzee wangu hapo juu ila mi naongea niliyoyaona maana nimekulia kijijini huko Kahama.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 79 silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa mkubwa usukumani na unyamwezini, polisi wako mbali, ukimpeleka mwizi leo kesho kutwa unakutana naye mnadani. Ndo miaka ya 81 na 82 huko mpakani Kahama na Nzega watu wakaanzisha sungusungu, yaani ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Jina ni la wale chungu weusi wanaouma, mmoja si kitu ila wakija wote unakimbia. Silaha yao mishale ya sumu, na serikali ilikuja kuwatambua kisheria baadaye kabisa, 1989.

Nikuambie kitu kimoja uweke kwenye kitabu chako. Usiku ukisikia mwano, ile sauti ya kuita hatari, kila mwanaume mzima lazima atoke. Si kwamba anaombwa. Babu yangu alikuwa analala na upinde kwenye ukuta wa upande wa mlango na viatu vya matairi vimepangwa vinaangalia nje, kulia kulia, kushoto kushoto, ili akiamka gizani asipapase. Nilikuwa mdogo na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mtoto mwenzangu hajavigeuza. Bibi yeye alikuwa anabaki mlangoni anaendeleza ile sauti ili kijiji kinachofuata kiipokee, hivyo ng'ombe wakikimbizwa upande wowote habari inawatangulia. Hakuna simu, hakuna gari, ila mwizi anakimbia na mbele yake watu wameshaamka.

Na mali huiweki sehemu moja. Ng'ombe unagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali wanakutunzia, wakija kukuibia wanachukua wachache na mwakani unaanza tena. Huo mtama ulipandwa na watu wa namna hii, mwambie dada yako.

Ila naomba sana usiwafanye watakatifu. Hao hao sungusungu wa mwanzo waliwaandama na wanawake waliodhaniwa wachawi, na kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati mama wa watu macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka 50. Hii inaniuma mpaka leo. Sasa kwenye ulimwengu wako wa mazimwi huenda na uchawi upo kweli, hapo ndo pagumu zaidi, nani anaamua kwamba huyu ni mchawi? Kama hakuna hakimu, basi mwenye mdomo mkubwa kijijini ndo hakimu. Hilo zimwi linaogopesha kuliko yale ya msituni.

mwana_wa_tanga_uk

Habari wakuu. Mi niko Uingereza kaskazini, karibu na mpaka wa Scotland, na huku nako walikuwa na Ukati yao kabisa nashangaa wengi hawajui.

Kati ya mto Esk na mto Sark kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho Uingereza na Scotland kila mmoja anadai chake. Wakakubaliana kitu cha ajabu, mchana unaruhusiwa kuchunga ng'ombe wako humo ila jua likizama utoke, na usijenge. Ukikutwa na mifugo au nyumba baada ya hapo shauri yako. Watu wakajenga hivyo hivyo, wakawa koo za wezi wa ng'ombe wanaoiba pande zote mbili, mpaka serikali zote mbili zikatangaza kwamba humo ndani yeyote anaweza kumuibia, kumchomea na kumuua yeyote bila kesi. Halafu 1552 wakakigawa kwa kuchimba mtaro na tuta. Kwa hiyo msimulizi, wafalme wako hawajasahau Ukati, wameamua iwe hivyo. Pasipo na mwenyewe panawafaa.

Sheria ya kufuatilia ng'ombe nayo ilikuwepo. Ukiibiwa una siku 6 za kufuata nyayo hata ukivuka mpaka, ila ufuate waziwazi, na mbwa na kelele, na mkuki wenye bonge la udongo wa majani linalowaka moto juu yake, watu waone kwamba hawa wanafuata mali yao na sio wezi wengine. Ukikutana na msafara huo unatakiwa uungane nao. Nikisoma ya binti_kahama kuhusu mwano naona ni kitu kile kile.

Na nyumba zao bado zipo, nimeingia kwenye moja. Kuta zinapita mita moja unene, chini wanalala ng'ombe, juu watu, na zamani ngazi unaivuta juu usiku. Nilipoingia kale ka mlango ka chini nikainama, nikawaza tu joto la mifugo linavyopanda kwenye mbao mpaka kwa watoto waliolala. Mwaka 1603 mfalme mmoja akapata nchi zote mbili, akawanyonga wengi na wengine akawahamishia Ireland, ikaisha.

msimulizi_wa_ukati

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Mzee, hongo ya Ukati itakuwa chumvi, Ziwani wanayo na Mlimani hawana, na njia ni hiyo moja. Nimeona pia kwamba kosa langu nilikuwa nafikiri pasipo na serikali basi hapana chochote, nikawa najaza hiyo nafasi kwa mauaji tu. Dada binti_kahama, lile la macho mekundu limenibadilishia kitabu. Nilikuwa na kikongwe sura ya 9 ambaye ni mchawi kweli, sasa nataka msomaji asijue. Nina swali moja, yule ambaye amesikia mwano na hakutoka, anafanywa nini?

binti_kahama

Asubuhi anaitwa na kuulizwa mbele ya watu. Kama ni ugonjwa anasamehewa. Kama ni uoga analipa faini, kwetu mara nyingi mfugo. Akigoma anatengwa, hasalimiwi, haazimwi moto, akifiwa anazika mwenyewe na wanawe. Nimewahi kuona nyumba iliyotengwa, mama wa pale alikuwa anakuja kisimani mchana wa jua kali wakati wengine wote wameshaondoka, anateka haraka haraka, na bibi akanikataza kumtwisha ndoo.