Umeneja wa tawi bila ovataimu: nikubali?

Swali: Wakuu, mimi ni msimamizi wa zamu supamaketi moja hapa Dar. Mshahara 600,000, ovataimu kama saa 40 kwa mwezi. Wananipandisha kuwa meneja wa tawi kwa 780,000, ovataimu inafutwa.

Jibu: Piga hesabu kwanza, mkuu. 600,000 gawa kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45: saa moja ni kama 3,077. Ovataimu ni mara 1.5, yaani 4,615. Kwa saa 40 ni kama 184,600. Jumla sasa unapata kama 784,600, zaidi ya hiyo 780,000. Umepunguziwa! Na Sheria ya Ajira ya 2004 haimwekei kikomo cha saa anayesimamia wenzake akiripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu.

Jibu: Mimi naogopa stoku zaidi. Usisaini makabidhiano kabla mali yote haijahesabiwa, meneja anayeondoka akiwepo. Maziwa na mikate iliyoisha muda iandikwe pembeni, la sivyo upotevu huo utasomeka wako. Makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara, na lazima usikilizwe kwanza.

Muuliza: Niombe ngapi basi?

Jibu: Usishuke chini ya 850,000, na iandikwe kwenye mkataba.